Kujenga mlimani Pemba bila kumshushia jirani tope

Ukijenga Pemba basi jua unajenga mteremkoni. Labda kiwanja chako kiwe Micheweni kule kwenye maweni, au upande wa mashariki ambako ardhi imelala, lakini Chake, Wete, Mkoani, Mtambile, kote huko ni kilima na bonde, kilima na bonde, na mpangilio wake kila mtu anaujua: juu nyumba, kati mikarafuu na migomba, chini bonde la mpunga, mbele yake mikoko halafu bahari. Kwa hivo chochote unachokifukua wewe huko juu njia yake ya kuteremka ipo tayari, na humo njiani kuna watu wana mali zao.

Nachoandika hapa ni kwa anaejenga nyumba yake ya kawaida, vyumba vitatu vinne na ukumbi. Wa hoteli nae ntampa maneno yake kidogo huko mbele.

Tumalize kwanza habari za vibali manake ndio watu wanazoziogopa na kumbe ndio sehemu nyepesi. Sheria kubwa ni ile ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, nambari 3 ya mwaka 2015, ndio iliyoleta ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Miradi mikubwa kama hoteli, barabara na bandari haitakiwi kuingiza katapila kabla ya tathmini ya athari za mazingira na cheti chake. Nyumba yako ya vyumba vinne kwa kawaida haikupeleki huko kote, ila kibali cha ujenzi unakitaka, na safari inaanzia kwa sheha, ye ndie anaejua mpaka wako na wa jirani na maji ya mtaa ule yanapita wapi toka zamani. Baraza la Mji kama uko Chake, Wete au Mkoani, au halmashauri kama uko Micheweni, nao waulize mapema mtaro wao wa barabarani unaruhusiwa kuunganisha maji yako au huruhusiwi. Usijiunganishie tu usiku ukitegemea hakuna atakaeona. Mti nao usikate kwanza ukaomba baadae, khasa mkarafuu, huo hata uwe ndani ya kiwanja chako haukatwi bila ruhusa, na mikoko ndio kabisa, sheria ya misitu nambari 10 ya mwaka 1996 ipo na inafanya kazi. Mchanga na kifusi nunua kwa mwenye gari anaechukua kwenye machimbo yalioruhusiwa, usimkubali anaekwambia kuna shimo hapo nyuma ya skuli tukachimbe wenyewe.

Basi, karatasi zimekwisha. Karatasi lakini haizuii tope, tope linazuiwa na wewe na fundi wako, kwa hivo sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Ujue udongo wako kwanza

Wazee wetu wana majina yao ya udongo na majina yale yanatosha, huhitaji maabara. Kichanga ni chepesi, maji yanazama haraka, kikichukuliwa na mvua hakiendi mbali kinakaa. Kinongo ndio ule udongo mzuri wa mikarafuu, mwekundu mwekundu, mzito kidogo, ukiwa na majani juu yake hauna tatizo kabisa lakini ukishauvua nguo zake ukapigwa na mvua unayeyuka. Kinamo ni wa mabondeni, unanata, maji hayaingii. Maweni ni mawe ya matumbawe ya zamani na udongo kidogo kwenye mianya.

Kama hujui wako ni upi, au umechanganyika, chukua chupa ya maji tupu ya lita moja na nusu, tia udongo wa pale pale unapotaka kuchimba mpaka robo ya chupa, jaza maji, tikisa sana, iweke chini usiiguse. Mchanga utatua hapo hapo unaangalia. Zile chembe za kati zitachukua saa. Maji ya juu yakiwa bado mekundu kesho yake na kesho kutwa, basi una udongo mwembamba wa kufinyangia, na hapo ndio ujue kazi unayo. Mchanga mwembamba ndani ya maji yaliotulia unashuka mita moja kwa dakika kama mbili hivi, lakini chembe za udongo wa kufinyangia zinaweza kuchukua siku tatu kushuka mita hiyo hiyo moja. Siku tatu! Na maji yenyewe yawe hayatikisiki.

Nimelivuta hili kwa sababu ndio linaloamua kila kitu kinachofata. Watu wakisikia habari ya kuzuia tope wanafikiria kuweka kizuizi chini ya kiwanja, uzio wa magunia, wanaona wamemaliza. Uzio unakamata mchanga. Tope jekundu linapita juu yake, chini yake na katikati yake, unalikuta bondeni kwenye mpunga wa watu. Kwa udongo wa kinongo, tope likishaanza kutembea umeshalikosa, kazi yote ni kulifanya lisianze, na halianzi kama maji hayapiti juu ya udongo uliochimbuliwa na matone hayaupigi moja kwa moja. Mimi nikipewa pesa kidogo nikaambiwa chagua kitu kimoja, sinunui uzio, nachimba mtaro wa juu na nafunika.

Wakati wa kuanza

Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Disemba. Kuchimba msingi mwezi wa nne ni kujitafutia balaa, nshaona misingi imegeuka mabwawa ya bata. Panga kuchimba na kusawazisha kuanzia Juni, masika ikishakata, na ukifika Oktoba uwe msingi umeshapanda na udongo umerudishwa. Mvua za mchoo hukosi Julai hapo lakini ni za kupita, hazikutii hasara kubwa. Tatizo letu ni pesa, mtu anachimba akizipata, na zikiisha anaacha shimo wazi miaka miwili, udongo umelundikwa pembeni, kila masika unakwenda kidogo kidogo. Kama pesa haijatosha mpaka kumaliza msingi na kurudishia udongo, basi kiwanja kiache na majani yake, nunua tofali uziweke. Marekani sheria zao za miradi inayochimbua eka moja na kuendelea zinasema kazi ikisimama kwa siku 14 au zaidi ile ardhi iliyo wazi ianze kufunikwa mara moja, iwe nyasi au matandazo. Sie hatuna haja ya kwenda kuhesabiana siku lakini hesabu ile ni nzuri, wiki mbili hakuna mtu anaegusa pahala, pafunike.

Maji ya juu

Hii ndio kubwa. Kabla jembe la msingi halijagusa chini, nenda upande wa juu wa kiwanja, pale maji ya mlima yanapoingia kwako. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hivo kiwanja cha mita 20 kwa 25 kikipigwa mvua ya milimita 50, na masika siku kama hiyo si ajabu, kimepokea lita 25,000. Hizo ni zako mwenyewe, bado ya mlima wote uliopo nyuma yako. Yale ya mlima huyahitaji, wala hayana tope yakiwa yametoka kwenye majani, basi yapitishe pembeni yakiwa safi.

Unachimba mtaro kukata mteremko, si kushuka nao. Upana kama futi mbili, kina futi moja au moja na nusu, udongo unaoutoa utupe upande wa chini ufanye tuta, ulishindilie kwa miguu. Mtaro usiwe sawa kabisa, maji yatasimama, na usiwe mkali, yataukwangua wenyewe ugeuke korongo. Mteremko wa sentimita 10 kwa kila mita 10 unatosha. Kupima hutaki mashine, fundi yoyote ana mpira wa maji ule wa kuona ndani, tia maji, mmoja ashike huku mwengine kule, soma. Mwisho wa mtaro maji yatoke kwenye majani au kwenye mawe, yamwagike kwa upana, yasitoke kwa nguvu pahala pamoja.

Na hapo pa kutokea ndio pa kuzungumza na watu. Jirani wa chini mwendee kabla, tena mwendee na mtoto au na sheha, mwambie, "Ami, nataka kuanza msingi panapo majaaliwa, maji ya mlima nataka niyapitishe huku pembeni ya mwembe yaingie kwenye mkondo wa zamani, wewe unaonaje?" Mara nyingi atakwambia kitu hukijui, kwamba mkondo ule babu yake aliuziba, au kwamba kuna kisima. Ukimwendea baadae tope limeshaingia kwenye konde lake, hata ukisema vipi unakuwa unajitetea.

Mteremko ukiwa mkali na mtaro lazima ushuke nao, weka vizuizi vya mawe ndani ya mtaro, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite kati yasizunguke. Umbali baina ya kimoja na kingine unaupata hivi, kichwa cha kizuizi cha chini kiwe levo moja na mguu wa cha juu yake. Mteremko mkali vinakaribiana, wa pole vinaachana.

Usifyeke kiwanja kizima

Sijui nani aliwafundisha watu kwamba kiwanja kinachojengwa lazima kiwe cheupe kama uwanja wa mpira. Fyeka pa nyumba, ongeza mita mbili tatu za mafundi kuzunguka, na njia ya gari. Basi. Upande wa chini kabisa bakisha mkanda wa majani, mita tano ukiweza, ukoka na magugu yake yale yale, usiyachome. Mkanda huo unachuja kuliko uzio wowote utakaonunua na bei yake ni bure.

Udongo wa juu ule mweusi, sentimita 15 mpaka 20, ukusanye peke yake usichanganye na wa chini. Utautaka mwisho kwa bustani na kuoteshea majani, ukiuchanganya umeupoteza. Lundo liwe upande wa juu wa nyumba au pembeni, mbali na mtaro, lisiwe refu, na ulifunike. Turubai ni nzuri lakini ghali na upepo wa kusi unalichukua, makuti yaliolazwa na kukandamizwa na mawe yanafanya kazi ile ile.

Na hapa niseme la karo manake linasahauliwa kila siku. Mtu anapiga hesabu ya udongo wa msingi, hapigi ya shimo la choo. Karo la mita 2 kwa 2 kwa kina cha mita 3 ni mita za ujazo 12 zikiwa ardhini, zikitoka nje zinavimba zinafika 15 hivi, na udongo wenyewe ni ule wa chini kabisa usioota kitu. Huo ndio unaokuta umemwagwa ukingoni mwa mteremko, "tutausambaza baadae". Uamue unakwenda wapi kabla shimo halijachimbwa, kuna wanaotaka kifusi cha kujazia, waulize. Na shimo la kina hicho kwenye udongo laini linaua, mchimbaji asiingie kuta zikiwa zimesimama wima bila kushikiliwa, wala udongo uliotolewa usilundikwe kwenye mdomo wa shimo.

Kufunika, na uzio kama bado unautaka

Pahala popote palipo wazi na hapaguswi, tandaza. Makuti, nyasi kavu, majani ya migomba, makumbi ya nazi, chochote usichokilipia. Kipimo ni kwamba ukisimama ukitazama chini usiuone udongo, kama robo yake bado inaonekana ongeza. Tone la mvua ndilo linalovunja udongo kwanza, kabla hata maji hayajaanza kutiririka, likipiga kuti haliubandui udongo.

Uzio una kazi yake kwenye kichanga na pembeni ya lundo. Chana mapolo ya mchele uyashone, vigingi kila mita moja na nusu, urefu usizidi magoti, na mguu wake uzikwe sentimita 15 kwenye kijitaro halafu ushindilie. Usipoufukia maji yanapita chini na umeweka mapambo. Ufate usawa wa mlima, ncha mbili zipinde juu kidogo. Usiuweke kukatisha mkondo wa maji, utabebwa. Makumbi yaliopangwa mstari na kupigwa vigingi nayo ni mazuri, mimi nayapenda zaidi kwa sababu yanaoza hapo hapo, huna kitu cha kuokota mwisho.

Pale chini kabisa ambapo maji ya kiwanja lazima yatoke, chimba shimo la kupumzishia, pana kuliko kina, refu kwa upande maji yanakokwenda, mdomo wake wa kutokea uwe wa mawe. Litakamata mchanga na zile chembe za kati. Likijaa nusu lichote, na ulichokichota usikitupe upande wa chini, jamani, kirudishe juu kwenye lundo.

Njia ya gari ni pahala pengine pa tope. Tipa likitoka na matope kwenye matairi linayaacha barabarani, mvua inayaingiza mtaroni. Mwaga mawe makubwa makubwa mita kumi za mwanzo kutoka barabarani, si mchanga wala kifusi, mawe. Mchanga na kokoto za kujengea nazo zisishushwe juu ya mtaro wa barabara hata kwa siku moja. Pale mjini Unguja serikali ilijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mtaro wowote ukishakuwa na mchanga nusu yake basi ni nusu mtaro.

Ukishapaua

Hapa ndio wengi wanajisahau. Bati limepigwa, pesa imeisha, hakuna mfereji wa kukinga maji ya paa. Paa la mita 10 kwa 12 kwenye ile mvua ya milimita 50 linamwaga lita 6,000 kwa mstari mwembamba kuzunguka nyumba, kwenye udongo uliorudishiwa juzi, kwenye mguu wa msingi wako mwenyewe. Kama mfereji wa bati huwezi sasa, basi panga mawe au kokoto chini ya dondoko kuzunguka nyumba nzima. Ukiweza, tangi. Yanayozidi yapeleke shimo la kokoto la kunyonya, mbali na karo na mbali na ukingo wa mteremko. Usiyaingize ndani ya karo kabisa, litafurika na utajua mwenyewe harufu yake.

Mteremko uliojaza kifusi usiuache mkali, mita mbili za kwenda mbele kwa kila mita moja ya kupanda ndio salama kwa udongo wa kawaida. Ukitaka mkali zaidi jenga ukuta wa mawe, uwe na matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake, na ukipita mita moja na nusu tafuta mhandisi, fundi wa tofali si mtu wa kazi hiyo hata akwambie amejenga mingapi. Kwenye mteremko wenyewe otesha vetiva, yale majani marefu ya kushikia udongo, kwa mistari ya kukata mlima, miche iachane sentimita 10 mpaka 15, mizizi yake inashuka mita tatu na zaidi. Hukupata vetiva, mchaichai, mizizi yake ni mifupi lakini kila nyumba ina shina la kugawa. Baina ya mistari ukoka. Otesha mvua zinapoanza, si zinapokwisha.

Ahadi yangu kwa watu wa hoteli: nyie cheti mnacho na masharti yameandikwa ndani yake, yasomeni na muyape kontrakta wenu kwa Kiswahili. Mnajenga ufukweni, tope lenu halina bonde la kupumzikia, linaingia moja kwa moja kwenye majani ya bahari na matumbawe, linayazibia mwanga, linakaa juu ya mwani wa kina mama. Na upande wote wa magharibi wa Pemba bahari ile ni hifadhi ya Mkondo wa Pemba toka 2005, na kisiwa cha Misali kimo ndani yake.

Mwisho ni la fundi. Haya yote yatie kwenye makubaliano kabla, kwa kalamu, mtaro wa juu, kufunika, shimo la tope, mawe ya njia, udongo wa karo unakwenda wapi, na kila kimoja bei yake. Ukimwambia tu kwa mdomo atakwambia ndio bosi na hatofanya, si kwa ubaya, hakulipwa kwa hiyo kazi. Zuia sehemu ya malipo ya msingi mpaka udongo umerudishwa na umefunikwa. Halafu kila ikinyesha mvua kubwa nenda wewe mwenyewe, na mwavuli, ikiwa bado inanyesha, manake ikishakata huoni kitu, simama chini ya kiwanja uangalie maji yanatoka na rangi gani. Yakitoka mekundu panda nayo juu taratibu mpaka uone yanapoanzia kuwa mekundu, hapo ndio pa kupeleka makuti kesho asubuhi.